MAZUNGUMZO NA WAZAZI: Hesabu za Sokoni na Hesabu za Darasani



Dominika moja ya mwezi wa pili, Misa ya kwanza ilipokwisha, mama mmoja alitungojea chini ya mti wa avoka ulio nyuma ya kanisa. Mkononi alishika buletini ya mwanawe, ameikunja mara nne, kama mtu anavyoikunja karatasi asiyotaka wengine waione. Tuliifungua. Kifaransa, 11 juu ya 20. Dini, 15. Hesabu, 4. Na pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa na maneno matatu: Hajui hesabu kabisa. Maneno hayo tuliyatambua upesi, kwa maana mwandiko ulikuwa wetu.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma. Baba yake alisoma miaka mitatu tu. Mtoto akirudi nyumbani na daftari lake, sisi tutamsaidia kwa kitu gani? Utuambie tu kama ana akili ama hana, tujue la kufanya."

Tulimjibu maneno ya kumtuliza, yale ambayo walimu huyasema watu wakiwa wamesimama njiani. Lakini Jumamosi iliyofuata tulipita sokoni kununua maharagi, tukamkuta yule mtoto mwenyewe, mwenye miaka 11, ameketi nyuma ya gunia la mamaye, naye mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Mbele yetu alisimama mama mmoja mtu mzima aliyetaka makopo saba. Kopo moja lilikuwa franka 1,200. Mtoto hakuandika kitu, wala hakutazama juu kama tunavyomwona akifanya mbele ya ubao. Alisema huku akipima: "Matano ni elfu sita. Mawili ni elfu mbili na mia nne. Ni elfu nane na mia nne, mama." Yule mama akatoa noti ya 10,000. Mtoto akamwekea mkononi noti ya 100, akasema elfu nane na mia tano. Akaongeza ya 500, akasema elfu tisa. Akaongeza ya 1,000, akasema elfu kumi. Mambo yakaisha. Sisi tuliokuwa nyuma tulikuwa bado tunatafuta jibu kichwani.

Siku ya Jumatatu tuliandika ubaoni 1,200 mara 7, tukamwita. Alizidisha kama tulivyomfundisha, kuanzia kuume. Saba mara sufuri, sufuri. Saba mara sufuri, sufuri. Saba mara mbili, kumi na nne. Akaiandika 14 nzima, bila kuihamisha ile moja. Saba mara moja, saba. Akasimama pembeni mwa ubao kama askari, na jibu lake lilikuwa 71,400. Hakushtuka hata kidogo. Tukamwuliza, "Yule mama wa Jumamosi angekubali kukulipa franka elfu sabini na moja kwa makopo saba ya maharagi?" Darasa lote likacheka, naye akacheka kuliko wote, akafuta kwa kiganja, akaandika 8,400.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni nani kati yetu asiyejua hesabu.

Jambo hili si la hapa kwetu peke yake. Katika mji wa Recife, nchini Brazili, watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliwafuata watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15 waliouza nazi, mahindi na matunda barabarani. Walijifanya wanunuzi, wakawauliza maswali 63 ya bei na ya chenji. Watoto walijibu sawasawa kiasi cha 98 katika kila 100. Kisha wakawaketisha na kuwapa hesabu zenye tarakimu zile zile. Hesabu zilipotolewa kwa njia ya hadithi, watoto walipata kiasi cha 74 katika 100. Zilipotolewa tupu, alama na tarakimu tu, walipata 37. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1985. Mmoja wao, mwenye miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja cruzeiro 35. Hakuongeza sufuri upande wa kuume kama tufundishavyo. Alijua kwa mazoea kwamba nazi tatu ni 105. Basi akahesabu tatu, tena tatu, tena tatu, akafika 315, akaongeza moja iliyobaki, akapata 350. Njia yake ni ndefu kuliko yetu, lakini kila hatua aliijua inatoka wapi na inakwenda wapi.

Basi mama aliyetuuliza atamsaidia mtoto kwa kitu gani, jibu lake lilikuwa katika gunia lake mwenyewe. Mtoto wake ana hesabu mbili zisizojuana, kama ndugu wawili waliolelewa katika vijiji viwili. Ile ya sokoni ina maharagi ndani yake. Ile ya daftari imekwisha kumwagwa maharagi, imebaki gunia tupu. Kazi ya mzazi, hata asiyejua kusoma, ni kuwakutanisha ndugu hao. Mtoto akileta daftari, usimwulize kwanza kama jibu ni la haki, kwa maana hutajua, naye anajua kwamba hutajua. Mwambie: "Nisomee. Hizo 1,200 ni za kitu gani? Tufanye ni maharagi. Kabla hujaandika, unadhani itakuwa karibu ngapi? Itapita elfu kumi ama haitapita?" Mtoto aliyekwisha kusema kwa kinywa chake "haitapita elfu kumi" hataweza kuandika 71,400 akalala usingizi. Na akimaliza, mwambie akueleze alivyofanya, polepole, kama kwamba wewe ndiwe mwanafunzi. Mara nyingi atajikwaa mahali pa kosa lake na kulisahihisha mwenyewe, nawe hujasema neno.

Hapa yafaa tuseme kidogo juu ya lugha, ingawa wengine watatukasirikia. Mtoto wa Kivu huhesabu nyumbani kwa Kiswahili ama kwa lugha ya wazee wake, kisha shuleni hukutana na Kifaransa. Kwa bahati tulirithi kwa Wabelgiji maneno septante na nonante, yaliyo mepesi, na mtoto wa Paris hana bahati hiyo. Lakini 87 imebaki quatre-vingt-sept, yaani ishirini nne na saba. Mtoto hutafuta 8 asiione popote. Sasa sikilizeni wazee wetu wanavyohesabu: makumi mawili, makumi matatu, makumi manane na saba. Walimu wengi, na sisi tulikuwa miongoni mwao, huwasahihisha watoto kwa ukali: sema ishirini, sema thelathini, sema themanini. Ni kweli kwamba Kiswahili cha vitabu husema hivyo, na mtoto atajifunza. Walakini maneno hayo yametoka katika Kiarabu, na ndani yake mtoto haoni kumi hata moja. Anayesema "makumi manane na saba" amekwisha kutaja makumi yake na mamoja yake, kila kitu mahali pake, na ndilo somo lile lile tunalohangaika kulifundisha kwa muhula mzima kwa vijiti na kamba. Basi babu akihesabu mbuzi wake kwa makumi, mwacheni ahesabu, na mtoto awe karibu.

Vivyo hivyo vidole. Tuliwahi kumpiga mtoto mkononi kwa kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Tulidhani tunamfukuzia uvivu. Leo tunaona haya. Vidole ni hesabu ya kwanza ya mataifa mengi duniani, na mtoto huviacha mwenyewe siku ambapo havimfai tena.

Tena tusidhani kwamba hesabu ni kitu kilicholetwa kwetu katika sanduku. Kule Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Eduardi, katika Kivu ya Kaskazini, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye jiwe la kioo ncha moja. Umri wake ni kiasi cha miaka 20,000. Juu yake mtu alichonga mikato katika safu tatu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 9, 11, 19 na 21. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Wataalamu hawajapatana ni kazi gani. De Heinzelin aliona ndani yake mchezo wa hesabu. Alexander Marshack aliona hesabu ya siku za mwezi wa mbinguni. Wengine husema ni mikato ya kuushikia mfupa usiteleze. Mfupa wenyewe umetunzwa Brussels, katika nyumba ya makumbusho ya viumbe. Lakini tarakimu zake hazihitaji pasi ya kusafiria. Jioni waambieni watoto wajumlishe kila safu, bila kalamu. Mtoto mwangalifu atagundua kwamba 11 na 19 ni 30, na 13 na 17 ni 30 vilevile, basi safu ya kwanza ni 60. Atagundua kwamba 9 na 21 ni 30, na 11 na 19 ni 30, basi ya pili ni 60 pia. Ya tatu ni 48. Tuliona vijana wa darasa la sita wakibishana juu ya mikato hiyo hata kengele ikalia wasiisikie. Jambo hilo halijatutokea na kitabu chochote cha mazoezi.

Tumesema sana juu ya hesabu. Tuingie jikoni, kwa maana sayansi inakaa huko, na kwa kawaida binti yuko huko naye, wakati kaka yake anaambiwa aketi mezani asome. Tunasikitika kuona hivyo, lakini zaidi tunasikitika kwamba hakuna mtu anayemwuliza binti huyo lolote juu ya mambo anayoyaona pale kila siku.

Mfano ni maharagi yale yale. Kila mama wa Goma na wa Bukavu analalamika kwamba maharagi yanakula makala. Sababu moja ni urefu wa nchi yetu. Kule pwani ya bahari maji huchemka yakifikia joto la digrii 100. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyalemea maji hupungua, nayo huchemka upesi zaidi, kwa joto dogo zaidi: kwa kila mita 300 hivi, digrii moja hupungua. Miji yetu ya kando ya ziwa Kivu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Mwacheni binti agawanye mwenyewe: 1,500 kwa 300 ni 5. Basi maji yetu huchemka kwa digrii 95 hivi, na maharagi yanayoiva kwa digrii 95 yanadai saa nyingi kuliko yale ya Matadi. Hapo binti ataelewa jambo ambalo watu wazima wengi hawalielewi: maji yakisha kuchemka, kuongeza makala hakuyatii joto zaidi. Yanaruka tu kwa kelele na kugeuka mvuke, na fedha ya makala inapanda pamoja na mvuke hewani. Moto mdogo unaoyaweka maji katika kuchemka, na mfuniko juu ya sufuria, vinatosha.

Tena afanye jaribio. Apime vikombe viwili vya maharagi ya gunia moja. Kikombe kimoja akiloweke usiku kucha, kingine asikiloweke. Kesho avipike katika sufuria mbili zilizo sawa, juu ya moto ulio sawa, aandike saa ya kuanza na saa ya kuiva. Akiwa na mizani, apime maharagi yaliyolowekwa kabla na baada, aone uzito wa maji yaliyokunywa. Atapata tofauti ya dakika, ataigeuza iwe makala, na makala ataigeuza iwe franka za mwezi mmoja. Hiyo ni sayansi kamili: kuuliza, kubadili kitu kimoja tu na kuviacha vingine vyote sawa, kupima, kuandika. Hakuna chombo cha maabara tulichokiazima.

Baba naye asikimbie. Aliye na chukudu, amwonyeshe mwanawe kwa nini ekseli hupakwa mafuta, na kwa nini mzigo wa viazi ukiwekwa nyuma sana usukani unakuwa mwepesi na hatari. Fundi seremala ana pembe mraba. Fundi mwashi hupima pembe ya nyumba kwa kamba ya mita 3, 4 na 5, na huenda hajui kwamba somo hilo lina jina la Pythagoras katika daftari la mtoto wake. Wakae pamoja jioni moja na kamba hiyo. Tunajua baba mmoja aliyelia kwa furaha alipoambiwa kwamba amekuwa akifanya jometria miaka 20.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo si la kuchekea, nalo ndilo lililotufanya tuandike juma hili.

Wakaao kaskazini mwa ziwa Kivu wanajua neno mazuku. Katika mabonde madogo na mashimo ya nchi ya mawe ya volkeno, upande wa Goma na wa Sake, hutoka ardhini hewa isiyoonekana wala isiyo na harufu, ile iitwayo gazi kaboniki. Wazee waliiita upepo mbaya, na walisema kweli kuhusu ubaya wake. Mbuzi hufa humo, na watoto waliotumwa kutafuta kuni wamekufa humo, na waliokimbilia kuwaokoa wameanguka juu yao. Shuleni tunafundisha kwamba gazi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kiasi cha mara moja na nusu. Mtoto hukariri, huandika katika mtihani, hupata alama zake. Kisha Alhamisi hutumwa kuni, hupita kando ya shimo, huona mpira wake umeingia, hushuka. Somo alilijua, lakini lilibaki katika daftari pamoja na ile 71,400.

Basi wazazi, mfanyeni mtoto alione kwa macho, nyumbani, mahali pasipo hatari. Twaeni sufuria yenye kina. Wekeni ndani yake kipande kifupi cha mshumaa unaowaka, kisimame chini kabisa, kiwe kifupi sana kuliko ukingo. Kando yake, bila kuuzima mshumaa, mimineni vijiko viwili au vitatu vya bikarbonati, ile unga nyeupe ya kuumulia mandazi, kisha juu ya unga huo mkamue ndimu kadhaa taratibu. Kutatoka povu. Ngojeni kidogo, bila kupuliza wala kupunga mkono. Mshumaa utafifia, utazimika. Mkiushusha mwali wa kiberiti polepole ndani ya sufuria, utawaka karibu na ukingo, na utazimika ukishuka. Kama haukuzimika mara ya kwanza, bikarbonati ilikuwa kidogo ama upepo uliingia. Rudieni mlango ukiwa umefungwa. Mwulizeni mtoto: "Nani ameuzima? Umeona kitu chochote? Umesikia harufu yoyote isipokuwa ya ndimu?" Kisha mwulizeni: "Mtu mrefu akisimama shimoni, pua yake iko wapi? Na mtoto, na mbuzi, na mtu aliyeinama kuokota mpira, pua yao iko wapi?" Nyamazeni. Mwacheni afike mwenyewe.

Asiende kujaribu mshumaa wake katika mazuku ya kweli. Hilo mlikataze kwa maneno makali kabisa. Moto unaozimika unatoa habari kwa aliyeko nje. Aliyeko ndani ameshachelewa. Na mkumbusheni la pili, lililo gumu zaidi kwa mtoto mwenye moyo mwema: akimwona mwenzake ameanguka shimoni asishuke kumfuata, bali akimbie kuita watu wazima wenye kamba. Jambo hili halitokei kwetu peke yetu. Mwaka 1986 gazi hiyo hiyo ilitoka usiku kwa wingi katika ziwa Nyos, nchini Kameruni, ikashuka mabondeni kama maji yanavyoshuka, ikaua watu zaidi ya 1,700, wengi wao katika usingizi.

Tulipomaliza jaribio hilo na darasa letu, tulitumia mishumaa mitatu na ndimu za kilo moja, nazo zilinunuliwa kwa mchango wa watoto wenyewe. Tunasema hivyo kwa sababu wazazi wengine hudhani lazima walipe masomo ya jioni ili mtoto apate akili. Masomo hayo yana faida yake akipatikana mwalimu mwema. Lakini tumeona mengine ambayo mtoto hunakili tena mazoezi yale yale aliyoshindwa asubuhi, akiwa na njaa na usingizi. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali imekuwa bure, nasi tulifurahi. Madarasa nayo yakajaa hata mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto akieleza alivyofikiri. Huko kusikilizwa ndiko kunakokosekana, nako hakuuzwi dukani. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukutoa, akiwa anamenya mihogo.

Na kwa jioni isiyo na taa, kuna mchezo wa mchanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 msafiri Emil Torday, alipokaa kwa Wakuba katika nchi ya Kasai, aliwakuta watoto wakichora mchangani maumbo magumu kwa mstari mmoja, bila kuinua kidole wala kupita mara mbili njia ile ile, nao wakampa mgeni maumbo ya kujaribu, akashindwa. Wachokwe nao wana michoro yao ya mchangani, ambayo Paulus Gerdes wa Msumbiji aliichunguza katika vitabu vingi. Jaribuni na watoto. Chora mraba, utie ndani mistari miwili ya kukingama kutoka pembe hadi pembe. Mwambie mtoto auchore bila kuinua kidole. Hataweza, wala wewe hutaweza, wala askofu. Sasa uongeze paa juu ya mraba huo, mistari miwili tu inayokutana kileleni, iwe kama nyumba. Hapo itawezekana, lakini kwa anayeanzia pembe ya chini peke yake.

Kwa nini kuongeza kazi kumeifanya kazi iwezekane? Hesabuni mistari inayokutana katika kila pembe. Katika mraba ule wa kwanza kila pembe ina mistari mitatu, na pembe hizo ni nne. Kidole kinachopita mahali huingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mwingine, basi mistari huenda miwili miwili; penye hesabu ya witri, kama tatu, kidole lazima kianzie hapo ama kiishie hapo. Mianzo ni mmoja na miisho ni mmoja, na pembe za witri ni nne. Paa linapoongezwa, pembe mbili za juu hupata mistari minne, na za witri hubaki mbili za chini. Mswisi Leonhard Euler aliieleza siri hiyo mwaka 1736, akizungumza juu ya madaraja ya mji wa Königsberg. Watoto wa Kikuba waliicheza wakiwa wamechuchumaa.

Mtoto wa maharagi? Muhula uliofuata alipata 9 juu ya 20. Si alama ya kupiga ngoma. Lakini tulimkuta akiwaeleza wenzake nyuma ya darasa kwa nini nyumba yenye chimni haichoreki, na kuhusu hilo alikuwa na haki kabisa kwa chimni aliyoichora yeye. Buletini yake tuliiandika upya pembeni. Maneno matatu ya kwanza tuliyafuta.

Mama yake sasa anauza pia mawese, naye ametupa fumbo la juma hili, alilolitatua mwenyewe kwa ulazima wa kazi. Mteja alitaka litri 4 kamili. Mama alikuwa na bidoni kubwa iliyojaa mawese, kibidoni cha litri 5 na chupa ya litri 3, vyote bila alama ya kipimo katikati. Alipima litri 4 pasipo kukisia hata tone. Watoto walete jibu shuleni, nasi tutalichapa juma lijalo. Asiye na mawese ajaribu kwa maji.